Gari Kuukuu Lisiwe Kisingizio

Katika barabara itokayo Kasese kupitia Muhokya hadi njia panda ya Kikorongo, na kutoka hapo kwenda Bwera na mpaka wa Mpondwe, magari mengi yanayopita si mapya. Yapo malori ya chokaa, yapo magari madogo yaliyotoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, na yapo ya askari wetu, ya kazi na ya binafsi, ambayo yamekula chumvi nyingi. Hatuoni aibu katika hilo. Sheria ya mwaka 2018 ilikataza kuingizwa nchini gari lililopita umri wa miaka 15, lakini haikuyaondoa barabarani yale yaliyokwisha kuingia, na mwananchi hana budi kukitunza kile alicho nacho. Linalotusikitisha ni jambo jingine. Dereva akiulizwa kwa nini tangi lililojazwa jana leo limekauka, jibu huwa moja tu: "Afande, gari hili ni la zamani, linakunywa sana."

Jibu hilo limekuwa blanketi la kufunikia mambo mawili, uzembe na wizi. Na wizi hautambuliki kwa urahisi mahali ambapo uzembe haujaondolewa kwanza.

Yafaa tukumbushane petroli hii inatoka wapi. Mafuta ya Bunyoro yaligunduliwa mwaka 2006, lakini kiwanda cha kuyasafisha nchini hakijajengwa. Sehemu kubwa ya mafuta tunayotumia hushushwa Mombasa, ikavuka nchi nzima ya Kenya, ikaingia kwetu kwa malori kupitia Malaba na Busia, kisha ikasafirishwa tena hadi huku magharibi. Reli iliyofika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe haibebi tena kitu. Januari 2022, malori yalipokwama mipakani kwa sababu ya vipimo vya UVIKO, lita moja iliuzwa mahali pengine kwa shilingi 10,000. Lita inayofika Muhokya imesafiri mbali kuliko askari wengi wanaoitumia.

Basi tuanze na kipimo, kwa kuwa bila kipimo maneno yote ni kubahatisha. Jaza tangi hadi juu, andika kilometa zinazoonekana kwenye dashibodi, tembea kama kawaida kwa siku kadhaa, kisha jaza tena hadi juu. Gawanya kilometa ulizokwenda kwa lita ulizoongeza. Gari lililokwenda kilometa 280 kwa lita 40 linakwenda kilometa 7 kwa lita. Likitengenezwa likafika kilometa 10, safari ile ile itachukua lita 28, na lita 12 zitabaki. Katika chuo cha makadeti tulifundishwa kuhesabu risasi kabla ya zoezi na baada ya zoezi, wala hakuna aliyeona kuwa ni kudharauliwa. Hatuoni sababu ya lita kutohesabiwa namna hiyo hiyo.

Baada ya kupima ndipo fundi aitwe, na hapa tuna neno na mafundi wetu. Wengi wamezoea kuitoa themostati na kuitupa, wakidai kwamba nchi yetu ni ya joto na kifaa hicho kilitengenezwa kwa ajili ya Wazungu na baridi yao. Dai hilo si kweli. Themostati ni vali ndogo inayozuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Ikiondolewa, injini huchelewa kufikia joto hilo, na pengine, hasa alfajiri au katika mteremko mrefu, hailifikii kabisa. Hapo huendelea kupewa mafuta mengi kana kwamba ndiyo kwanza inawashwa. Petroli isiyoungua vizuri huosha oili kwenye kuta za silinda, na injini huchakaa kabla ya wakati wake. Gari likichemka, kosa hutafutwa kwenye rejeta iliyoziba, feni, mkanda au pampu ya maji. Kutupa themostati ni sawa na kumpiga risasi mlinzi kwa sababu amepiga kelele usiku.

Kwa magari yenye kabureta, plagi zilizochoka na chujio la hewa lililojaa vumbi hula mafuta waziwazi, na vumbi la upande huu, likichanganyika na la chokaa, haliogopi chujio la mwaka jana. Kwa magari yanayoongozwa na kompyuta mambo ni tofauti kidogo: chujio likiziba hupunguza nguvu zaidi kuliko kuongeza ulaji, lakini sensa ya oksijeni iliyokufa yaweza kuleta hasara kubwa. Serikali ya Marekani imeandika kwamba kuirekebisha sensa hiyo kunaweza kuboresha mwendo wa gari kwa lita hadi asilimia 40. Nasi bado tunawaona madereva wanaoibandika karatasi taa ya injini kwenye dashibodi ili isiwasumbue macho.

Upepo wa tairi upimwe asubuhi kabla gari halijatembea, maana tairi yenye joto hudanganya geji. Kipimo chake kimeandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Breki inayoshika ichunguzwe kwa kugusa rimu baada ya safari, ile yenye joto kuliko wenzake ndiyo mgonjwa. Keria isiyobeba kitu ishushwe. Na tangi lililozibwa kwa kitambaa badala ya mfuniko wake, jambo tuliloliona kwa macho yetu, linaigawia jua petroli bure.

Sasa tuseme juu ya mwendo. Atokaye Bushenyi kuja Katunguru huteremka ukingo wa Kichwamba, na hapo ndipo wengi hutia fri, wengine hata kuzima injini, wakiamini kwamba mteremko ni zawadi ya Mungu. Injini ikizimwa, breki hupoteza msaada wake na kuwa nzito mguuni, na usukani waweza kujifunga. Zaidi ya hayo, katika gari la kompyuta hakuna faida yoyote: gari likiwa ndani ya gia na mguu umeondoka kwenye mafuta, injini hukata petroli yenyewe, ilhali katika fri inahitaji petroli ili isizimike. Dereva huyo anahatarisha roho za abiria wake na bado anachoma mafuta. Gari la kabureta huokoa kidogo kwa njia hiyo, lakini kidogo hicho hakilipi jeneza.

Katika tambarare ya Muhokya hadi Kikorongo kosa hugeuka kuwa la kasi. Kutoka kilometa 80 kwa saa hadi 100, nguvu ya upepo unaolizuia gari huongezeka kwa zaidi ya nusu, na injini hulipa deni hilo kwa petroli. Mbele ni mbuga ya Queen Elizabeth, ambako tembo huvuka barabara bila kupiga honi.

Wako pia wauzaji wa sumaku za kufungwa kwenye mpira wa petroli na vidonge vya kutiwa tangini. Shirika la mazingira la Marekani limepima vifaa vya namna hiyo zaidi ya mia moja, na karibu vyote havikuleta faida ya maana. Askari aliyekopa Wazalendo au Exodus ili anunue gari asiongeze deni kwa kununua sumaku. Anunue plagi.

Kwa gari la binafsi, hasara humwangukia mwenye gari na ada ya watoto wake. Kwa gari la kazi ni jambo zito zaidi. Wakazi wa Bwera hawajasahau usiku wa 16 Juni 2023, wauaji wa ADF walipoivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe na kuua wanafunzi. Simu ya namna hiyo haingoji kituo cha petroli kifunguliwe. Kwa hiyo kila lita inayochomwa na injini inayonguruma nje ya ofisi huku dereva akipiga soga kivulini, na kila lita inayonyonywa kwa mpira na kuingizwa ndani ya dumu, inatolewa katika doria ambayo wananchi wanaitegemea.

Tunawaomba wakuu wa vikosi na wa vituo vya polisi wafanye jambo moja ambalo halihitaji bajeti. Kila gari liwe na daftari lenye kilometa na lita, lijazwe na dereva, likaguliwe kila wiki na mtu ambaye si yeye anayetoa mafuta. Gari ambalo limetengenezwa, limepimwa, na bado linakunywa kupita kiasi, dereva wake aitwe aeleze. Tungependa kazi hiyo ianze mwanzoni mwa mwezi ujao, na ianze na gari la mkuu mwenyewe.