Kumtaja mchawi si mapokeo ya Kanisa

Imani iliyoenea Morogoro, mjini na katika vijiji vya milima ya Uluguru, husema kwamba Mkristo thabiti humfichua mchawi, na kwamba Kanisa limefanya hivyo tangu kale. Historia inaikanusha.

Takriban mwaka 785 mfalme Charlemagne, aliyewabatiza Wasaksoni kwa upanga, aliamuru kwamba atakayemchoma mtu moto kwa kumdhania mchawi, auawe yeye. Takriban mwaka 906 abate Regino wa Prüm aliandika kanuni iliyowataka maaskofu waung'oe uchawi. Lakini kanuni hiyohiyo ilisema wanawake wanaodai kuruka usiku wamehadaiwa na ndoto za shetani. Mwaka 1080 Papa Gregori wa Saba alimkanya mfalme wa Denmark: wanawake wasilaumiwe kwa dhoruba na magonjwa. Hirizi na ramli zilikatazwa kweli, ila adhabu ya kawaida ilikuwa kitubio. Mioto mikubwa ya kuwachoma waliodhaniwa wachawi iliwaka baada ya zama hizo, hasa kati ya 1560 na 1630, katika nchi za Wakatoliki na za Waprotestanti vilevile. Msako wote uliua watu kati ya 40,000 na 60,000, wengi wao wanawake.

Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliotia nanga Bagamoyo mwaka 1868, walianzisha misheni ya Morogoro mwaka 1882. Waluguru waliowakuta walikuwa wanatofautisha mambo: mganga huponya, mchawi hudhuru, na Kolelo, mzimu mwenye pango lake milimani, huombwa mvua na mavuno. Mahubiri mengi yaliyatia yote katika kapu moja la ushetani, na kosa hilo linaendelea kuzaa. Mzee ajuaye mizizi ya dawa hutazamwa kama muuaji.

Tuhuma hizo zina faida kwa mtu. Kwa Waluguru ardhi hurithiwa kwa ukoo wa mama, hivyo bibi kizee anaweza kuwa ndiye mwenye shamba linalotamaniwa na vijana. Akiitwa mchawi, huondoka bila wazee wa ukoo kuketi, na anayemtaja hupata shamba pamoja na sifa ya ucha Mungu. Huo ni unyang'anyi.

Sheria ya Uchawi ya 1928 ingali hai, na inamhesabu mtu anayemtuhumu mwenzake uchawi hadharani kuwa mkosaji. Mhubiri anayemwonyesha jirani kwa kidole mbele ya waumini anaivunja, na aliyetajwa ana haki ya kwenda kumshtaki kwa polisi.