Mashine ya kufulia na maji ya jirani

SIKU hizi, kwenye mizigo inayoingia kutoka Kigoma kwa maboti au kupitia Manyovu na Mugina, hukosi kuona mashine ya kufulia nguo, mara nyingi mtumba. Sina ubaya nayo. Mama aliyefua kwa mikono miaka yote ya Mishamo, nilikosomea mimi, anastahili kupumzisha mgongo. Ninachouliza ni kimoja: maji yanayotoka humo yanakwenda wapi?

Hapa Rumonge mara nyingi yanakwenda kwa jirani. Mpira hupitishwa dirishani, povu likashuka uchochoroni, wanafunzi wangu wakawa wanaruka madimbwi kuja shule. Katika mji ambao waliorudi na waliobaki wameshaburuzana kwa viwanja na michikichi, hilo si jambo dogo. Nawajua watu wasiosalimiana kwa sababu ya maji ya sabuni.

Kuna pia lawama isiyo ya haki. Mashine ikikataa kutoa maji, mnunuzi husema ameuziwa bovu, kumbe ni mpira tu. Ile inayofua na kukamua yenyewe katika tangi moja mara nyingi husukuma maji kwa pampu. Ikiwa na pampu, mpira wake sharti uinuliwe, kiasi cha sentimeta 60 hadi 100 kutoka sakafuni. Ukilazwa chini, maji hujimwaga huku mashine ingali inajaza. Nyingi za matangi mawili hazina pampu. Huko ni kinyume: mpira ushushwe, ukiinuliwa maji hayatoki. Sasa muuzaji anayewapa wateja wote maelekezo yaleyale amsaidie nani? Na pampu ikinguruma bila kutoa kitu, tazama chujio, aghalabu liko chini kwa mbele. Chomoa umeme, tega beseni, fungua: utakuta vifungo, sarafu na mchanga.

Kuhusu mwisho wa maji, mitaa ya juu shimo lililojazwa mawe, mbali na kisima na msingi wa nyumba, linafaa. Karibu na ufukwe halifai, maana ukichimba kidogo tu shimo linajaa lenyewe. Wenye nyumba za huko, walioingiliwa na Ziwa Tanganyika lilipopanda mwaka 2024, hawahitaji kufundishwa na mwalimu. Kwao naona afadhali mfereji mmoja wa majirani wote, uishie kwenye migomba, si ziwani tunakochota maji. Kazi za pamoja za Jumamosi zipo. Mfereji kama huo si kazi ya kuwashinda watu wa mtaa mmoja.

Nanyi ndugu zangu wafanyabiashara, kabla hamjapokea faranga, mwulizeni mnunuzi maji yatapita wapi, mkamwonyeshe na mpira unavyokaa. Kama hana pa kuyapeleka, mwuzieni pasi.