Kipimo Kikisema Ndiyo, Mgonjwa Asihukumiwe Upesi

Katika nchi ya Ukambani, tangu nyanda za Athi hata Yatta na Masinga, afugaye ng'ombe na mbuzi hana budi kuishi na kupe pia, na homa zitokanazo na mifugo ni maradhi ya hakika yanayostahili kutafutwa kwa bidii. Lakini kutafuta ugonjwa ni jambo moja, na kumbandika mtu jina la ugonjwa asio nao ni jambo jingine, tena lenye madhara.

Kipimo cha kingamwili hakimtafuti mdudu mwenyewe wa ugonjwa, bali hutafuta alama iliyoachwa damuni na mwili ulipopambana naye, na alama hiyo huweza kudumu miezi, pengine miaka, baada ya mtu kupona, au ikawa imetokana na kijidudu kingine kinachofanana na yule anayetafutwa. Kipimo cha Weil-Felix, kilichozuka mwaka 1916 na kutumiwa miaka mingi kwa homa za jamii ya taifasi, zikiwamo za kupe, kilitegemea bakteria aitwaye Proteus, ambaye haleti homa hizo hata kidogo.

Ithibati iliyo wazi zaidi nchini mwetu imetokana na brusela, homa isiyoletwa na kupe bali na maziwa mabichi na kuzalisha mifugo. Mpimaji hutia tone la maji ya damu juu ya kigae, akachanganya na dawa ya rangi, akakitikisa polepole, na akiona chembe zimegandamana huandika kwamba ugonjwa upo. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017, wagonjwa 825 walipimwa hivyo katika hospitali za magharibi mwa Kenya, na 162 wakaonekana wana brusela. Damu za wote 825 zilipopimwa pia kwa kipimo cha Rose Bengal, walioonekana kuwa nayo walikuwa 8 tu.

Na sababu mojawapo ya tofauti hiyo ni hesabu nyepesi. Tuseme katika watu 1000 wagonjwa ni 10, na kipimo hukosea mara 5 katika kila wazima 100: watakaosingiziwa ugonjwa watakaribia 50, wakiwapita wagonjwa wa kweli mara tano. Wanaosingiziwa brusela hupewa dawa za doksisaiklini na rifampisini kwa wiki 6, gharama ikiwaelemea, na rifampisini, iliyo nguzo ya tiba ya kifua kikuu, ikitumiwa ovyo; na homa iliyowaleta, iwe malaria au nyingine, ikiendelea bila dawa yake.

Majibu ya maabara ni shahidi, si hakimu. Tabibu amwulize mgonjwa alichokunywa na alipochunga, auchunguze mwili wake, kwani kidonda chenye gaga jeusi palipouma kupe humwambia mengi kabla kingamwili haijajitokeza, na akikiona asingoje maabara ndipo aanze tiba ya homa ya kupe.

Kwa hiyo naisihi serikali ya kaunti ya Machakos ipeleke Rose Bengal, kipimo chepesi kisicho ghali, katika kila maabara yake, na iagize kwamba asianzishwe mtu tiba ya brusela kwa kipimo kimoja cha kigae. Nawe msomaji, ukiambiwa kwamba damu yako imeonyesha ugonjwa, uliza kwa adabu: je, umethibitishwa kwa kipimo cha pili?