AFYA NYUMBANI: Maumivu Yanayozidi Baada ya Mguu Kufungwa

Katika jiji la Kampala hapana mtaa usio na kijana wa bodaboda. Usafiri huu ulianzia mpakani Busia katika miaka ya 1960, kwa baiskeli zilizovusha watu na mizigo. Leo ni wa pikipiki, nao huwafikisha wengi kazini na sokoni. Lakini pikipiki igonganapo na gari, mara nyingi kinachoumia ni mguu, hasa kati ya goti na kifundo. Wengi hudhani kwamba mguu ukishanyooshwa na kufungwa, hatari imepita. Juma hili tungependa kueleza hatari inayoweza kuanza hapo hapo.

Kwanza tuutazame mguu wenyewe. Pitisha kidole mbele ya mguu, chini ya goti, nawe utaugusa muundi, mfupa mkubwa unaobeba uzito wa mwili. Kwa upande wa nje uko mfupa wa pili, ulio mwembamba. Mifupa hiyo imezungukwa na misuli iliyogawanyika katika vyumba 4. Cha mbele kina misuli inayoinua wayo. Cha pili kiko upande wa nje. Na viwili viko nyuma, kimoja chenye nyama ya shavu la mguu, na kingine cha ndani zaidi chenye misuli inayokunja vidole. Humo hupita pia mishipa ya damu na ya fahamu. Kuta za vyumba hivyo ni utando mgumu usiotanuka.

Mfano wake ni gunia la maharage lililoshonwa mdomo. Maharage yakiingia maji yakavimba, hayana pa kwenda. Vivyo hivyo, mfupa ukivunjika au misuli ikipondwa, damu na majimaji hujaa chumbani, shinikizo hupanda, vijishipa vya damu hubanwa, na misuli hukosa hewa na chakula. Madaktari huiita hali hii sindromu ya kompatimenti. Misuli haistahimili njaa hiyo kwa muda mrefu; zikipita saa 6 hivi, huanza kufa, wala haifufuki. Mgonjwa huweza kubaki na wayo unaoning'inia, kukatwa mguu, au hata kudhurika figo.

Bendeji, mabanzi au plasta iliyokaza huzidisha shinikizo hilo. Jambo hili si geni. Mwaka 1881 daktari Mjerumani, Richard von Volkmann, alieleza jinsi mikono iliyofungwa kwa kubanwa mno ilivyopooza na kujikunja. Kwa hiyo onyo hili linawahusu wote wafungao viungo, hospitalini na kwa waunga mifupa wa kienyeji, ambao Waganda huwaita abayunzi.

Dalili kuu ni maumivu yanayozidi badala ya kupungua, yasiyolingana na jeraha wala kutulizwa na dawa. Jaribu kukunja na kunyoosha vidole vya mgonjwa polepole. Akipiga kelele kwa uchungu, shuku hatari. Shavu la mguu huwa limekaza kama ubao, na vidole huingia ganzi. Mtoto asiyeweza kujieleza huhangaika na kulia bila kunyamaza. Usidanganyike kwa kuwa wayo una joto na mshipa wake unapiga. Dalili hizo huweza kuwapo huku misuli ikifa. Wala jeraha lililo wazi si kinga, kwani chumba kingine huweza kuwa bado kimejaa.

Ufanye nini? Legeza mara moja bendeji au kamba za mabanzi, huku mguu umeegemezwa usitikisike. Ulaze sawasawa na kifua. Usiuning'inize juu, kwani damu itazidi kuwa haba. Usiukande kwa maji ya moto wala kuuchua kwa dawa. Kama ni plasta, mrudishe mgonjwa hospitalini usiku huo huo ili ipasuliwe. Asile wala kunywa njiani, maana huenda akahitaji upasuaji.

Hospitali kubwa kama Mulago ina madaktari wa mifupa. Wakithibitisha hali hiyo, huchana ngozi na utando wa vyumba vyote 4, ili misuli ipumue. Kidonda huachwa wazi kwa siku kadhaa, kisha hushonwa au kuzibwa kwa ngozi iliyotolewa kwingine, mara nyingi pajani. Jamaa wengi hushtuka waonapo kidonda kirefu namna ile, hata wakakataa kutia sahihi. Wasikatae, kidonda hicho hupona, bali misuli iliyokufa haiponi.

Basi mgonjwa akilalamika usiku kwamba mguu uliofungwa unamchoma kupita kiasi, asiambiwe ajikaze mpaka kupambazuke. Wahenga walisema, ngoja ngoja huumiza matumbo. Hapa huua mguu.