Takwimu za Maradhi ni Haki ya Umma

Mwaka 2020, wagonjwa wa Uviko-19 walipofikia 509 na vifo 21, Tanzania iliacha kutangaza takwimu hadi mwaka uliofuata. Hoja mojawapo ilikuwa kwamba takwimu zinawatia watu hofu. Lakini hofu haikuondoka. Ilihamia kwenye uvumi. Mama ntilie hakujua kama atenganishe mabenchi yake, wala kondakta kama apunguze abiria.

Wapo wasemao takwimu zina upungufu, kwa kuwa si kila mgonjwa hupimwa. Ni kweli, ila hata hesabu pungufu, ikitolewa kila wiki kwa utaratibu uleule, huonyesha kama maambukizi yanapanda au yanashuka, na hilo ndilo linalomwongoza mwananchi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Serikali itangaze hesabu mapema, pamoja na idadi ya waliopimwa.