VITA VYA PANZI, FURAHA YA KUNGURU

Wananchi,

Uko mji nchini Marekani uitwao Kansas City, ambao mpaka wa majimbo mawili umeupasua kati: upande huu Missouri, upande wa pili Kansas. Pana mahali ambapo mtu akivuka njia tu, huwa amekwisha ingia jimbo jingine. Watu wake ni wamoja na soko lao ni moja. Lakini hazina zao ni mbili, na hapo ndipo fitina ilipopenya.

Kwa miaka mingi kila jimbo lilikuwa likiwarairai matajiri wa jirani yake kwa kuwasamehe kodi. Mwaka 2009 Kansas ilitunga sheria iliyomruhusu mwajiri kubaki na hata asilimia 95 ya kodi ya jimbo iliyokatwa katika mishahara ya watumishi wake. Zingatieni, ndugu zetu: mtumishi hukatwa kama ada, bali fedha yake haifiki hazina ikajenga skuli wala njia, hubaki mfukoni mwa bwana wake.

Ikawa ni hamahama. Mwaka 2011 kampuni ya mikahawa ya Applebee's ilihamisha ofisi yake kuu kutoka Kansas kwenda Missouri. Mwaka huo huo kampuni ya sinema ya AMC ikakata shauri kutoka Missouri kwenda Leawood, Kansas. Je, hapo pamezaliwa nini? Kazi iliyovuka njia si kazi mpya.

Hata wafanya biashara wenyewe walichoka. Mwaka 2011 wakuu 17 wa makampuni waliwaandikia magavana wakitaka mchezo huo ukome. Missouri ilinyosha mkono wa suluhu mwaka 2014, ukarudi mtupu. Ndipo mwaka 2019 Gavana Mike Parson alipotia saini sheria, naye Gavana Laura Kelly wa Kansas akatoa amri ya kuitikia. Hata hivyo, mwaka 2024 Kansas ilipitisha sheria nyengine ya kuzivuta timu za michezo za ng'ambo ya mpaka.

Hatusemi kwamba kodi isisamehewe kabisa. Twasema kwamba serikali yo yote ijisifuyo kuwa imeleta kazi, na iulizwe hadharani: Kazi hizo jana zilikuwa wapi? Na kodi iliyosamehewa atailipa nani? Asiyeuliza hayo leo, kesho atalipa yeye.