SEREDANI CHUMBANI

Mtu wa Tanga au wa Unguja akisikia wenziwe katika nchi hii wakilalamikia baridi, hucheka. Lakini mji wetu wa Babati umeinuka juu ya bahari kwa zaidi ya meta 1,300, na huku Singe, katika miezi ya Juni na Julai, maji ya kutawadhia Alfajiri huuma vidole. Hapo ndipo seredani ya makaa huingizwa chumbani, mlango ukafungwa, na dirisha likazibwa kwa gunia.

Nami nimefanya hivyo. Mwaka juzi, usiku mmoja wa Julai, nilimwambia mama wa nyumbani aingize seredani katika chumba walimolala wajukuu wetu watatu. Hapakuwa na moshi hata kidogo, makaa yalikuwa mekundu mazuri, nikajisifu moyoni kwamba nimewahurumia watoto. Nilipokwenda kuwaamsha kwa Sala, mkubwa alisimama akaanguka, akatapika, wa pili alikishika kichwa akilia, mdogo hakuamka. Jirani akasema ni jini. (Majini wa mtaa wetu wana kazi nyingi: kila tusilolijua hutwishwa wao.) Tulipomtoa mtoto uani penye hewa alifumbua macho, Alhamdulillahi, tukampeleka hospitali. Daktari aliuliza neno moja tu: mlilala na moto?

Makaa yanapowaka penye hewa haba hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, wala haiwashi macho. Ikivutwa hushikamana na damu kwa nguvu ipitayo ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, basi mwili hukosa pumzi ingawa kifua kinapanda na kushuka. Aliyelala aweza kutoka usingizini akaingia mautini asijue. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na ulegevu. Wakishikwa hivyo watu wawili watatu wa chumba kimoja kwa wakati mmoja, usiseme ni malaria: watoe nje upesi, kisha wapeleke hospitali hata wakiona nafuu.

Aibu yangu ilizidi kwa kuwa mimi ni mwalimu. Katika Bukhari na Muslim imo Hadithi ya Mtume (S.A.W.) ya kukataza kuacha moto nyumbani wakati wa kulala. Nimeisomesha miaka mingi, nikidhani inahusu nyumba kuungua tu.

Wazee wa Kigorowa na wa Kiiraqw waliishi katika tembe, zenye kuta nene za miti na udongo na paa bapa lililotandazwa udongo. Udongo ule ulikunywa joto la mchana polepole, ukalirudisha usiku. Sisi tumeezeka mabati. Tembe zilivuja, tusizisifu kupita kiasi. Lakini bati ni kikaango adhuhuri, na usiku wa manane ni barafu.

Katika Ulaya na Marekani wengi hutumia mashine ya kuhamisha joto. Ni ndugu yake friji: friji huchota joto la ndani na kulitupa nyuma yake, mashine hii huchota joto lililomo katika hewa ya nje, ijapokuwa ni ya baridi, ikalitia chumbani, na wakati wa hari hugeuzwa ikalitoa. Kwa kuwa huhamisha joto tu, yaweza kutoa joto mara mbili au tatu ya umeme ilioula. Baridi ikiwa kali mno nguvu zake hupungua, na katika nyumba nyingine tanuri la gesi hushika zamu. Moshi wa tanuri hilo hutolewa nje kwa bomba, na bado huwekwa ukutani chombo kinacholia kaboni monoksaidi ikizidi chumbani. Wenye mitambo wanaogopa, wenye seredani tunalala!

Kwetu hapa yatosha dari ya mbao chini ya bati, blanketi la ziada, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, miguuni pa mtoto. Seredani yangu sasa hulala uani. Dari imekwisha vyumba viwili. Cha tatu kinangoja mbaazi ziuzwe.